Saa Moja na Nusu

"Bahari iko mbali kiasi gani?" Jjajja aliniuliza jioni ile, akiwa amekaa mkekani barazani kwake, anamenya matooke ya kesho.

"Saa moja na nusu, Jjajja. Kwa ndege."

Akaimaliza ndizi aliyokuwa nayo mkononi, akaiweka juu ya jani la mgomba, ndipo akaniangalia. "Saa moja na nusu tu? Basi mbona unataka nikufungulie geti saa kumi na moja alfajiri?"

Nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo. Jjajja, ndivyo Waganda wanavyomwita bibi, ni mwenye nyumba wangu. Nimepanga chumba nyuma ya nyumba yake, kwenye mteremko wa kilima cha Lubaga, mwaka wa nne sasa. Nafundisha Kiswahili hapa Kampala. Kila nikienda nyumbani Tanzania watu huniuliza ni mbali kiasi gani, nami huwapa jibu lilelile la saa moja na nusu, kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Namba yenyewe si ya uongo. Ukinyoosha mstari juu ya mgongo wa dunia kutoka Entebbe hadi Dar es Salaam unapata kilometa 1,070 hivi. Ndege ya abiria huzimaliza kwa saa moja na nusu na ushee. Basi, lizunguke Nairobi na Namanga au lishuke Mutukula na Bukoba, hupita kilometa zisizopungua 1,500, likala mchana, usiku, na sehemu ya siku ya pili. Nimelipanda. Nilishuka miguu imevimba kama maandazi. Tangu hapo nikawa mtu wa ndege, na saa moja na nusu ikawa wimbo wangu.

Ila Jjajja hakuuliza habari za ndege. Aliuliza habari za geti.

Safari hii nilikuwa nakwenda Bagamoyo, kwenye harusi ya mpwa wangu. Nilipoutaja mji huo, Jjajja akaacha kisu. "Bagamoyo? Huko ndiko alikotokea Mapeera."

Mswahili akilisikia jina hilo mara ya kwanza hufikiria matunda, na hata kwa Kiganda mapera ni mapera. Huyu Mapeera lakini alikuwa mtu, Padri Siméon Lourdel, Mfaransa wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita White Fathers. Wenzake walimwita *mon père*, yaani baba yangu. Midomo ya Waganda ikalifinyanga neno hilo mpaka likakaa sawa. Msafara wao uliondoka Bagamoyo Juni 1878, ukiwa na mamia ya wapagazi. Wakapita Ugogo, wakafika Tabora, wakapanda kaskazini hadi kusini mwa Ziwa Viktoria. Padri Pascal, mmoja wao, alizikwa njiani. Tarehe 17 Februari 1879, Lourdel na Bruda Amans walishuka kutoka kwenye mtumbwi mahali paitwapo Kigungu, pale Entebbe. Ilikuwa imepita miezi minane.

"Na wewe saa moja na nusu," Jjajja akasema, akachukua ndizi nyingine.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano geti likalia. Jjajja alikuwa macho, amejifunga shuka mabegani. "Tambula bulungi, ssebo," akaniambia, yaani nitembee salama. Juu yetu minara miwili ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Maria ilionekana nusunusu gizani. Kanisa hilo la matofali lilianza kujengwa mwaka 1914, likawekwa wakfu 1925. Kabla yake kilima hiki kilikuwa na ikulu. Hapa ndipo Mutesa wa Kwanza, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, alipokuwa akikaa mvumbuzi Stanley alipomfikia mwaka 1875, na mwaka 1889 Kabaka Mwanga akawapa wamisionari ardhi hii. Wageni wengi waliotoka pwani wakiuliza Buganda iko wapi, kilima walichokuwa wakikitafuta mwishoni mwa njia kilikuwa hiki ninachokiteremka mimi kila asubuhi nikifuata chapati ya mayai.

Dereva wangu alikuwa wa spesho, ndivyo wanavyoiita hapa teksi ya kukodi, kwa sababu "taksi" ya Kampala ni ile daladala yetu. Tukateremka Wakaliga, tukaingia Nateete. Alfajiri hiyo tayari malori ya matooke yalikuwa yamebana njia, na boda boda zikipenya kati yake kama sindano kwenye kitambaa kizito. Ilikuwa katikati ya Juni. Wiki mbili tu nyuma, barabara hii ya Masaka ilikuwa imejaa watu wa namna nyingine, mahujaji wanaokwenda Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Hutembea kwa siku nyingi, wengine kwa majuma, na wapo wanaotoka hata Kenya na Tanzania. Nauli ya basi wangeweza kuipata. Wanatembea kwa sababu kwao umbali ni sehemu ya sala. Nilisimama mwaka huu kando ya njia pale Nateete nikawatazama wakipita, vumbi hadi magotini, mama mmoja amevua viatu na kuvishika mkononi. Sikumsikia hata mmoja akiuliza bado saa ngapi.

Tulitumia dakika arobaini kutoka Lubaga hadi Busega, mwendo ambao Jumapili usiku ni dakika kumi. Pale Busega ndipo inapoanzia barabara ya mwendo kasi ya Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018. Pamoja na tawi lake la Munyonyo ina kilometa 51, na tangu Januari 2022 hupiti bure. Dereva akatoa shilingi 5,000 za Uganda, kizuizi kikainuka.

"Hongo," nikasema, bila kufikiri.

Akageuka ghafla. "Hapana, ssebo! Hii ya serikali. Wanatoa risiti."

Ikabidi nimweleze. Siku za misafara, hongo halikuwa neno la aibu. Lilikuwa ushuru wa njia. Msafara ukiingia Ugogo ulisimama, ukapeleka vitambaa na shanga kwa mtemi, ukangoja. Siku moja, tatu, pengine wiki nzima, wakubwa wakibishana ni mikono mingapi ya kaniki itatosha. Mtemi alikuwa na visima, na bila maji ya visima hivyo hakuna aliyevuka nyika. Akiridhika, njia inafunguka. Leo neno limeporomoka, limebaki la kumpozea mtu mkono chini ya meza. Kazi yake ya zamani imechukuliwa na kizuizi kinachotoa risiti. Dereva alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwa upole kwamba hata hivyo nisilitamke neno hilo mbele ya askari.

Uwanjani Entebbe tulifika kweupe kukianza kuonekana ziwani. Safari iliandikwa saa tatu asubuhi, na abiria wa kimataifa huombwa wafike saa tatu kabla. Nilikuwa ndani ya muda. Mkoba wangu haukuwa ndani ya kilo. Ruhusa ilikuwa 23, mizani ikasema 25. Nikapiga magoti mbele ya foleni nzima, nikatoa pakiti nne za kahawa na gauni la gomesi nililomnunulia mama wa bibi harusi, nikazibeba kwapani. Mpagazi wa njia ya kati, Mnyamwezi aliyekwenda na kurudi kati ya Bagamoyo na Tabora, alipewa mzigo wa frasila mbili hivi, kama kilo 32, juu ya kichwa au bega, na juu yake akaweka sufuria yake, mkeka wake na chakula chake. Mimi nina magurudumu manne chini ya mkoba, na bado nilitokwa jasho.

Afisa akataka cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana Tanzania haimpokei msafiri atokaye Uganda bila kukiona. Nilikuwa nacho. Viza sikuulizwa, nilikuwa narudi kwetu. Nikakaa. Ilipofika saa tatu ubao wa taarifa ukabadilika, ndege yetu imesogezwa mbele. Sababu hawakuisema. Watu walivuta pumzi kwa pamoja, kisha kila mmoja akainamia simu yake.

Kungoja Entebbe si jambo geni. Tarehe 6 Februari 1952 alingoja hapa binti wa miaka 25 aliyekuwa ameletwa kwa ndege kutoka Nanyuki, Kenya. Baba yake alikuwa amefariki Sandringham, Uingereza, naye akawa Malkia Elizabeth wa Pili akiwa ugenini. Dhoruba ya ziwani ilimzuia kuruka. Miezi mitatu baadaye, Mei 1952, Comet ya shirika la BOAC, ndege ya kwanza duniani ya injini za jeti kubeba abiria wa kulipa nauli, ilitua hapahapa ikitoka London kwenda Johannesburg. Nadhani waliousikia mngurumo ule walijiambia kwamba sasa umbali umekwisha. Zamani zile, barua ambayo Stanley aliiandika akiwa kwa Mutesa Aprili 1875, ya kuwaita wamisionari, ilichapishwa gazetini London Novemba. Miezi saba kwa karatasi moja. Mei 2025 Uganda Airlines ilianza kuruka moja kwa moja hadi London, kilometa karibu 6,500, na abiria akila chakula angani aliweza kunywa chai ya Uingereza siku ileile. Ndege zimetimiza ahadi yao. Mambo ya huku chini, geti na foleni na mizani, hayajawahi kuahidi kitu.

Saa nne na nusu tukaruka.

Uwanja wa Entebbe uko kama kilometa tano kaskazini ya ikweta, na njia yake ya kurukia inaelekea ziwani, kusini. Magurudumu hayajakaa sawa tumboni mwa ndege, umekwisha kuhama nusu ya dunia. Nilikuwa nimeomba kiti cha dirishani kwa ajili ya kitu kimoja. Nacho nikakiona kwa sekunde chache upande wa kulia, ncha ya nchi kavu, mitumbwi imepangwa ufukweni, mabati ya nyumba za wavuvi. Kigungu. Mahali alipomalizia Mapeera miezi yake minane, mimi nilikuwa naanza dakika yangu ya kwanza.

Kwa mwendo tuliokwenda, ndege ilikula kilometa kumi na mbili kila dakika. Msafara uliojitahidi ulimaliza kilometa kumi na tano au ishirini kwa siku, siku ambazo hakuna mgonjwa, hakuna mto uliofurika, hakuna hongo ya kusubiri. Kwa hiyo kila dakika moja na nusu nilikuwa nameza siku nzima ya mtu. Kabla kikombe cha chai hakijanifikia nilikuwa nimekunywa wiki zake mbili.

Jirani yangu alikuwa mama mfanyabiashara anayefuata vitenge Kariakoo. Mwanga wa ziwani ulipompiga usoni akanigusa mkono. "Ssebo, ggalawo eddirisa." Nikateremsha kifuniko. Halafu nikatabasamu peke yangu, kwa sababu alikuwa ameniomba kwa Kiganda nifunge dirisha, na dirisha lilikuwa langu.

Kiganda kimejaa vitu hivyo. Kitabu ni ekitabo. Meza ni emmeeza. Sabuni ni ssabbuuni, mchele ni omuceere, meli ni emmeeri. Watu wengi Kampala watakuambia Kiswahili ni lugha ya askari, iliyoletwa na kambi na vituo vya ukaguzi, na wenye umri wa Jjajja wana sababu za kuiogopa. Lakini maneno haya yana umri mkubwa kuliko kambi. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walifika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844. Mwanawe, Mutesa, alijifunza Kiswahili ndani ya ikulu. Stanley alipoondoka alimwachia Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na misheni ya Zanzibar, aandike na kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Mapeera mwenyewe alifika amekwisha kujifunza lugha hiyo njiani, maana miezi minane na wapagazi inatosha kumfundisha mtu yeyote kusema "maji" na "nimechoka" na mengine yote yaliyo katikati.

Na lipo neno moja katika hayo linalonisumbua tangu jioni ile barazani. Essaawa. Saa. Waganda huhesabu saa kama sisi, moja yao ni moja yetu, kuanzia jua linapochomoza. Kipimo ninachojivunia, saa moja na nusu, kilifika Lubaga kwa njia hiyo hiyo ndefu ya misafara, kinywani mwa watu waliokuwa wakitembea.

Nisiipambe njia ile. Wako walioipita shingoni mna minyororo, wakitembea bila kuulizwa, na hao hawakurudi Lubaga kusimulia. Ikulu iliyojifunza Kiswahili iliuza watu kwa bunduki na vitambaa. Hakuna mwenye akili anayetamani miezi minane irudi. Ninachosema ni kwamba waliotembea, kwa hiari na kwa nguvu, waliacha kitu kila walipolala. Mimi nimepita angani mara kumi na moja na katika nchi yote iliyo kati sijaacha hata salamu.

Mama wa vitenge alisema hivyo kwa namna yake. Zamani, aliniambia, alikuwa mtu wa basi. Kahama ana rafiki aliyempa maji ya kuoga basi lilipoharibika. Singida ana mwanamke wanayepigiana simu kila Idi, ingawa yeye ni Mlokole. "Ndege mwaka wa pili huu," akasema. "Bado sijamjua mtu."

Nikamwambia jina langu. Akaniambia lake. Tukacheka wote wawili, kwa sababu rubani alikuwa ameshatangaza kushuka.

Mstari wa moja kwa moja wa Entebbe na Dar ukichorwa kwa rula hupita jirani kabisa na Bagamoyo. Nilikuwa nimeliona hilo kwenye ramani, lakini kuliona kwa macho ni jambo jingine. Bahari ilijitokeza ghafla, rangi ya majani mabichi ukingoni, na chini yetu pwani ninayokwenda. Tukaipita. Tukaenda kutua Dar ili nipate kurudi.

Tulitua saa sita na dakika tano. Joto likatukumbatia mlangoni kama shangazi. Pasipoti, mkanda wa mizigo, cheti cha manjano mara ya pili, laini ya simu. Saa saba na robo nikawa nje. Kutoka hapo ni Tazara, Ubungo, na foleni ya Mwenge ambapo dereva alizima gari kabisa, akanunua karanga. "Kaka umetoka mbali?" akauliza. Nikafungua kinywa kusema saa moja na nusu, nikakifunga. "Nimetoka tangu alfajiri," nikamjibu. Tukala wali na samaki kando ya barabara. Tegeta, Bunju, Mapinga. Saa kumi na moja jioni nikashuka mbele ya nyumba ya dada yangu Bagamoyo.

Hesabu ilikuwa rahisi mno. Nilitoka saa kumi na moja, nimefika saa kumi na moja. Saa kumi na mbili kamili mlango hadi mlango, na katika hizo saa moja na nusu ya angani ni sehemu moja kwa nane. Sehemu saba nilizitumia chini, kwenye malori ya matooke na mizani na ubao wa taarifa na karanga za Mwenge. Kila nilipojibu swali la watu nilikuwa nawapa ile moja na kuzificha saba. Jjajja alizihesabu zote kwa kusikia tu habari ya geti.

Kabla ya giza nikateremka ufukweni. Majahazi mawili yalikuwa yamelala upande maji yakiwa yametoka. Misheni ya mapadri, iliyoanzishwa mwaka 1868, iko hatua chache nyuma, na pale mjini ndipo wapagazi walipokuwa wakitua mizigo yao ya pembe, wengine wakicheza ngoma siku kadhaa kabla ya kutafuta msafara wa kurudi bara. Nilijaribu kufikiria mtu anayesimama hapa Juni 1878, mzigo chini ya miguu yake, akiambiwa mwisho wa njia uko kilima fulani ng'ambo ya ziwa. Simu ikalia mfukoni.

"Otuuse?" Umefika?

"Nimefika, Jjajja. Niko baharini."

Akanyamaza. Nikaisogeza simu karibu na maji ili asikie. Hakusema kama alisikia. "Ssaawa mmeka huko?"

Nikaangalia. "Kumi na mbili na nusu."

"Hata huku kumi na mbili na nusu," akasema, na sauti yake ilikuwa na ushindi kidogo, kana kwamba amethibitisha sijaenda mbali.

"Lakini huku jua limekwisha kuzama, Jjajja. Naona nyota."

Nikamsikia akisimama. Nikasikia kandambili zake zikivuta sakafuni hadi barazani, kisha ukimya wa mtu anayetazama. Kampala iko magharibi ya Bagamoyo, na mwezi wa Juni jua lake huzama zaidi ya nusu saa baada ya la pwani, saa za ukutani ziseme zitakavyo.

"Huku bado lipo," akasema. "Liko juu ya kanisa."

Nikasubiri gizani pamoja naye, yeye akiwa bado kwenye mwanga, mpaka liliposhuka nyuma ya minara na akasema haya, lala salama.